ALBAMU ILIYOFUNIKWA NA MAKMENDE: SOMO LA KISWAHILI KUTOKA KWA JUST A BAND

Utangulizi

Nimeshika kalamu si kwa kutaka sifa, bali kwa sababu nina deni. Muhula wa pili nilisimama mbele ya wanachama wa Chama cha Kiswahili nikasema jambo kwa kujiamini sana, na jambo lenyewe likawa si sahihi. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kukosea si kosa, kosa ni kurudia kosa. Makala haya ni masahihisho yangu.

Ilikuwa Alhamisi jioni, siku ya mjadala. Mada ilikuwa: Nyimbo za vijana zinaua Kiswahili. Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Upande wa kuunga walikuja na mifano mingi ya Sheng na Kiingereza, wakamaliza kwa kuomba kwamba jarida letu la mwaka lisiandike tena habari za nyimbo kama hizo. Hilo lilinichoma, maana nilikuwa nimeshaanza kuandika kuhusu albamu moja niliyopewa na mjomba wangu. Pendekezo lile likipita, kazi yangu ingekuwa ya kufungia sukari.

Albamu yenyewe inaitwa 82. Ni ya kundi la Nairobi liitwalo Just a Band, na ilitoka mwaka 2009. Mimi nilizaliwa mwaka huohuo, kwa hivyo tunaweza kusema ni rika langu. Hata hivyo, wenzangu darasani hawaijui. Wanachokijua, tena kwa kusimuliwa na wakubwa wao, ni Makmende.

Kundi lenyewe

Kabla hatujafika mbali, tuwajue wenyewe. Just a Band walikuwa vijana wanne: Blinky Bill (Bill Sellanga), Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu. Walijuana katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Muziki wao ulikuwa mchanganyiko wa disko, fanki na midundo ya kompyuta, na lugha zao zilikuwa Kiingereza, Kiswahili na maneno ya mtaani.

Wakati huo redioni mlitamba genge na kapuka, na studio zenye majina makubwa ndizo zilizoamua nani asikike. Hawa hawakupitia mlango huo. Walikuwa kundi huru, yaani walijirekodi, wakajichorea majalada na kujipigia video zao wenyewe. Albamu ya kwanza waliitoa mwaka 2008, nayo iliitwa Scratch to Reveal. Jina hilo linakumbusha ile kadi ya simu ambayo ni lazima uikwaruze kwanza ndipo uone nambari. Ya pili ndiyo 82. Ya tatu, Sorry for the Delay, ilifuata mwaka 2012.

Kwa nini nimechagua ya pili? Mwalimu wetu wa michezo hupenda kusema kwamba mbio za mita 800 hukimbiwa katika mzunguko wa pili. Mzunguko wa kwanza kila mtu anaonekana bingwa, hata mimi. Na msanii ni vivyo hivyo. Albamu ya kwanza huenda ikawa bahati. Ya pili ndiyo huonyesha kama kuna kazi. Tena si kila msanii hujaliwa kuifikia. Sisi watu wa Nakuru tunalijua hilo vizuri. E-Sir, kijana aliyesifika kwa kufoka kwa Kiswahili kilichopangika, alifariki katika ajali ya barabarani mwezi Machi mwaka 2003 akirudi Nairobi kutoka kwenye onyesho hapa Nakuru. Aliacha albamu moja tu, Nimefika. Ya pili hatukuipata.

Makmende: neno na kelele zake

Katika 82 mna wimbo uitwao Ha-He. Mwezi Machi mwaka 2010 kundi lilitoa video yake. Ilitengenezwa kwa mtindo wa filamu za ngumi za miaka ya 1970, na shujaa wake, aliyeigizwa na Kevin Maina, aliitwa Makmende. Muda si muda Wakenya wakaanza kutungiana mizaha mtandaoni kumhusu Makmende: hashindwi, haogopi, jua likichomoza ni kwa ruhusa yake. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikuwa zimefika Mombasa mwaka mmoja tu kabla, yaani 2009, na watu wengi ndio kwanza walikuwa wanaonja intaneti ya kasi. CNN na gazeti la Wall Street Journal la Marekani wakaripoti. Ikasemwa kwamba Kenya imepata kichekesho chake cha kwanza kikubwa cha mtandaoni.

Mwanafunzi wa fasihi ataona mara moja kwamba mizaha ile yote ilitumia mbinu ya chuku, yaani kutia chumvi kupita kiasi. Ndiyo chuku ileile tunayoisoma katika majigambo na visa vya mashujaa. Wakenya wengi walitumia chuku wiki nzima bila kujua jina lake.

Je, neno Makmende lilitoka wapi? Si kundi hili lililolibuni. Inaelezwa kwamba asili yake ni maneno matatu ya Kiingereza, make my day, aliyoyatamka mwigizaji Clint Eastwood katika filamu Sudden Impact ya mwaka 1983. Watoto wa Kenya wa miaka ya 1990 waliyasikia kwa sikio lao, wakayafanya jina. Mtoto aliyejifanya shujaa aliulizwa, "Wewe unajiona Makmende?"

Sasa litazameni kwa jicho la fonolojia. Kwanza, maneno matatu yamekuwa neno moja. Pili, mbele ya d imeongezwa n, tukapata nd, sauti iliyo nyumbani kabisa katika Kiswahili: ndizi, ndege, ndugu. Tatu, k imebaki bila irabu baada yake. Mtu anaweza kusema hilo si la Kiswahili, lakini tunayo maktaba na daktari, ambayo nayo yalikuja kama wageni na leo hakuna anayewauliza kitambulisho. Watoto wa mitaani, ambao hawakuwa wameketi katika darasa la isimu, walifanya utohozi kwa kufuata kanuni za masikio yao.

Mjomba alikuwa mmoja wa watoto hao. Alikulia mtaa wa Bondeni, hapahapa Nakuru, na siku moja aliruka kutoka paa la choo cha jirani huku amefunga kitambaa kichwani. Mkono ukavunjika. Tangu siku hiyo hadi alipomaliza shule aliitwa Makmende, na halikuwa jina la sifa.

Somo la sarufi: u-si-ni-...

Turudi kwenye mjadala wetu. Wimbo mwingine wa albamu hiyo unaitwa Usinibore. Msemaji wake ana imani kubwa kwamba anaweza kuibadilisha dunia, na wanaomvunja moyo anawajibu kwa neno hilo moja. Upande wa kuunga waliutaja kama ushahidi wa mauaji ya Kiswahili. Mimi nikaomba chaki.

Nikaandika ubaoni: u-si-ni-bor-e. Nikaeleza kama mtu aliyezaliwa ndani ya kamusi:

u- ni nafsi ya pili umoja, mtendaji;
-si- ni kikanusho;
-ni- ni nafsi ya kwanza umoja, mtendwa;
-bor- ni mzizi kutoka Kiingereza;
-e ni kiishio, sawa na kile kilichomo katika usinichoshe.

"Ndugu mwenyekiti," nikasema, "mgeni ni mmoja tu kati ya watano. Wanne ni wenyeji. Aliyeuawa yuko wapi?" Wenzangu wakapiga makofi. Nikavimba kichwa.

Mwalimu mlezi wa chama akainua mkono. Akauliza kwa upole, "Kama kiishio ni -e, basi katika wakati uliopo tungesema anichosha, ananichosha. Na hili neno lako je? Mtu husema ananibora?"

Darasa zima likaangua kicheko. Ananibora! Hakuna mtu Nakuru, wala Molo, wala Gilgil, anayesema hivyo. Watu husema ananibore, au wakifupisha, ananibo. Ile e haibadiliki. Nilirudi kwenye kiti changu nimenywea kama kifaranga aliyenyeshewa.

Usiku ule bwenini sikulala mapema. Nilichukua daftari nikaanza kuandika vitenzi ambavyo mwisho wake haubadiliki. Samehe: anasamehe, usisamehe. Sahau: anasahau, usisahau. Dharau: ananidharau, usinidharau. Jibu, furahi, starehe. Kumbe vyote hivyo ni vya asili ya Kiarabu! Viliingia katika Kiswahili vikashika viambishi vyote vya mbele, lakini mwisho vikabaki na irabu zao. Kwa hivyo usinibore haikatwi kama usinichoshe. Inakatwa kama usinisamehe: u-si-ni-bore. Mzizi ni bore mzima, na hauna kiishio cha kubadilika.

Msomaji mpenzi, hapo ndipo nilipoona jambo kubwa kuliko lile nililotaka kulithibitisha. Nilidhani neno hili limefuata kanuni ya vitenzi vya Kibantu. La, limefuata njia ya wageni wa zamani, njia iliyochongwa na samehe na sahau karne nyingi zilizopita. Kiswahili kina mlango wa wageni, na mlango huo una utaratibu wake.

Kuna jingine. Anayechoshwa husemaje? Kwa kanuni angesema nimeboreka. Lakini boreka tayari ni neno la Kiswahili, linatokana na bora. Ukimwambia mtu wa Lamu kwamba umeboreka, atakupongeza kwa kuwa umekuwa mtu bora! Sasa sikilizeni vijana wa hapa wanavyosema: nimeboeka. R imetupwa. Sijui kama ni kwa kukusudia, lakini wameepuka mgongano wa maana ambao ungewasumbua. Mtu anayeua lugha hajishughulishi na mambo kama hayo.

Nilimpelekea Mwalimu daftari langu asubuhi. Akalisoma akiwa amesimama mlangoni pa ofisi ya walimu, akasema, "Andika haya jaridani. Na usifiche kwamba ulikosea." Ndiyo maana nimeanza kwa kukiri.

Nambari 82

Haya, tuuache wimbo tuje kwenye jina la albamu. Kwa mgeni, 82 ni nambari tu. Kwa Mkenya ni taswira. Mwezi Juni mwaka 1982 katiba ilibadilishwa na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Tarehe 1 Agosti mwaka huo, baadhi ya wanajeshi wa jeshi la anga walijaribu kuipindua serikali. Waliiteka stesheni ya Sauti ya Kenya jijini Nairobi, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Rais Daniel arap Moi wakati huo alikuwa nyumbani kwake Kabarak, umbali mfupi tu kutoka hapa mjini. Siku haikuisha kabla jaribio hilo halijazimwa.

Bibi yangu, aliyekuwa akiishi Njoro, hunisimulia kwamba kilichomtisha si habari yenyewe bali sauti. Mbotela alikuwa sauti ya Kiswahili safi katika kila nyumba, mtu wa kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? cha kufunza adabu. Bibi anasema, "Sauti ni yake, lakini maneno si yake." Mbotela alifariki mwaka 2025, na siku hiyo bibi aliyarudia maneno hayohayo. Alipoisikia redio ile mwaka 1982 alikuwa na mimba ya mjomba. Mjomba alizaliwa mwezi uliofuata.

Kwa hivyo mjomba ni mtoto wa 82, na vijana wa Just a Band ni wa kizazi chake. Mimi nilivyolisoma jina la albamu, ni kama kizazi hicho kimeandika mwaka wa hofu juu ya jalada kisha ndani kikaweka muziki wa kucheza. Hiyo ni kinaya. Wazazi wao walijifunza kunyamaza. Wao wanaimba kwamba wataibadilisha dunia, na anayewakataza wanamwambia asiwachoshe. Ukiusikia Usinibore peke yake, ni mzaha wa kijana mwenye kiburi. Ukiusikia ndani ya albamu yenye jina hilo, kiburi kile kinapata sababu.

Hii ndiyo hoja yangu kuu. Makmende alipopaa, alipaa na wimbo mmoja. Watu wakamkumbuka shujaa wa video, wakausahau hata wimbo wenyewe, sembuse albamu. Kazi nzima ikawa kivuli cha kichekesho chake.

Mjomba na CD

Nimebakisha sehemu ngumu. Mwaka 2010 mjomba alikuwa na kibanda karibu na steji ya matatu hapa Nakuru. Kazi yake ilikuwa kuchoma CD. Ulimpa orodha ya nyimbo, akakuchomea, ukalipa, ukaondoka. Nilipomuuliza kuhusu Just a Band uso wake ulichangamka.

"Wee! Hiyo video ya Makmende niliuza vibaya sana! Makanga walikuwa wanapanga foleni. Kila gari lilitaka."

"Na albamu je, mjomba? Wangapi walitaka albamu?"

"Albamu ya nini? Watu walitaka Makmende tu. Nilikuwa naichanganya na ngoma zingine kwa diski moja."

"Sasa wale walioimba walipata ngapi?"

Mjomba alinyamaza. Mimi ni mpwa wake na sikuwa nimekusudia kumkosea heshima. Swali lilitoka tu. Baada ya muda akaingia chumbani, akarudi na CD moja, jalada lake limekwaruzika. Ilikuwa 82, nakala halisi.

"Hii moja niliinunua," akasema. "Ili nichomee wengine. Nilizochoma siwezi kuhesabu. Hawakupata hata ndururu kutoka kwangu, mwanangu. Na hii yenyewe sikuwahi kuisikiliza yote. Nilitoa ile moja nikaifungia kwenye sanduku."

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ilikuwapo, naye alijua. Kibanda alikifunga baadaye, akaanza kuuza vipuri vya pikipiki. Sisemi haya kumwaibisha. Yeye mwenyewe aliniruhusu niandike, akasema afadhali vijana wajue. Kundi lenye kampuni kubwa nyuma yake huweza kuvumilia hasara kama hiyo. Kundi huru linalojilipia kila kitu huumia zaidi, kwa sababu kila nakala iliyouzwa ndiyo nauli ya kwenda studio tena.

Alinipa ile CD kwa sharti moja: niisikilize mwanzo hadi mwisho bila kuruka wimbo. Nilifanya hivyo wakati wa likizo, tukiwa wawili sebuleni. Mara ya kwanza kwangu, na kwake pia. Ulipofika Ha-He hakucheka. Alisema tu, "Kumbe uko katikati ya vitu."

Hitimisho

Waliokuwa kundini hawakukaa bure. Mbithi Masya aliongoza filamu Kati Kati ya mwaka 2016, iliyopata tuzo ya wahakiki wa FIPRESCI kwenye tamasha la Toronto. Blinky Bill alitoa albamu yake binafsi mwaka 2018. Jim Chuchu naye aliingia katika filamu. Chema chajiuza, lakini nyakati nyingine huchelewa sokoni.

Kuhusu lile pendekezo la kufungia nyimbo za vijana nje ya jarida, kura zilipigwa na halikupita, ingawa kwa kura tatu pekee. Sikushinda kwa ufasaha. Nilishinda kwa kusahihishwa. Nawaomba wenzangu wa upande wa kuunga wasidhani nasema kila Sheng ni Kiswahili. La hasha. Kwenye mtihani andika usinichoshe, usije ukanilaumu matokeo yakitoka. Ninachosema ni kwamba kabla hujahukumu neno, likate vipande ulione lilivyoundwa. Na kabla hujahukumu albamu, isikilize yote, tena iliyolipiwa.



Zoezi

1. Changanua maneno haya katika viambishi na mizizi, kisha ueleze ni lipi lenye kiishio kinachobadilika: usinichoshe, usinisahau, usinibore.
2. Toa maneno matano ya mtaani kwako yaliyotoholewa kutoka Kiingereza. Eleza ni sauti gani zimeongezwa au kuondolewa.
3. Tunga mzaha mmoja wa Makmende kwa kutumia chuku.
4. "Kuchoma CD ya msanii huru ni sawa na kula mbegu." Jadili.